Wingi wa namba za CVE si kipimo cha udhaifu wa Linux

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna habari za udhaifu wa kiusalama katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, zinavyoandikwa. Mara kwa mara jumla ya namba za CVE (namba za utambulisho zinazopewa kila udhaifu unaotangazwa) zilizotolewa kwa mwaka hutajwa kana kwamba ni hesabu ya milango iliyoachwa wazi, na msomaji huamini kuwa mfumo huu umeharibika ghafla. Habari za namna hiyo huwapotosha hasa wenye dhamana ya kulinda seva.

Kilichobadilika ni utaratibu wa uandikishaji. Tangu Februari 2024, watunzaji wa kerneli wenyewe ndio wanaotoa namba hizo kwa msimbo wao. Kwa kuwa kerneli hiyohiyo huendesha simu, seva na kompyuta kuu, hawawezi kujua kila mtu anaitumia vipi; hivyo karibu kila sahihisho linaloweza kugusa usalama hupewa namba, na hupewa baada ya kiraka, yaani msimbo wa sahihisho hilo, kuingia katika matoleo thabiti. Wamechagua uwazi, nami naona wamechagua vema.

Tukumbuke hitilafu ya Dirty COW, CVE-2016-5195, iliyokaa ndani ya kerneli tangu 2007 hadi iliporekebishwa Oktoba 2016. Kwa takriban miaka tisa haikuonekana katika hesabu ya mtu yeyote, na hatari yake haikupungua kwa sababu hiyo.

Hitilafu nyingine, Dirty Pipe, CVE-2022-0847, inaonyesha vizuri zaidi kazi halisi ya ufuatiliaji. Mtaalamu wa programu Max Kellermann aliigundua alipokuwa akichunguza kwa nini faili za kumbukumbu za matukio ya seva, zilizokuwa zimebanwa, zilikuwa zikiharibika. Chanzo kilikuwa thamani moja ndogo katika muundo wa data wa kerneli, ambayo haikuwekwa upya kabla ya kutumika, na kwa kosa hilo mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika juu ya faili aliyoruhusiwa kuisoma tu. Udhaifu huo uliwezekana kutumiwa vibaya kuanzia toleo la 5.8, ukazibwa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Maana yake ni kwamba seva yenye 5.4, ambayo wengi wangeiita kuukuu, haikuathirika, ilhali yenye 5.10.101 ilikuwa hatarini. Zaidi ya hayo, wasambazaji wengi wa Linux hurudisha viraka katika matoleo ya zamani bila kubadilisha namba kuu ya toleo, kwa hiyo programu ya ukaguzi inayosoma namba hiyo peke yake hupiga kelele pasipo sababu, na msimamizi aliyechoshwa na kelele hizo huacha kusikiliza hata onyo la kweli.

Sehemu kubwa ya msimbo wa kerneli ni viendeshi vya vifaa, yaani programu zinazoiwezesha kerneli kuwasiliana na vifaa vya kompyuta, na hakuna mashine inayovitumia vyote. Udhaifu katika kiendeshi ambacho hakijawahi kupakiwa kwenye seva fulani hauwezi kupewa uzito sawa na ule unaogusa mtandao au mfumo wa faili.

Kwa hiyo naomba, gazeti lako linapoandika tena juu ya jambo hili, liwaeleze wasomaji ni sehemu gani ya kerneli iliyoathirika, kuanzia toleo lipi, imerekebishwa katika matoleo yapi, na iwapo kuna ushahidi kwamba washambuliaji wameanza kuitumia. Mengi ya hayo huandikwa wazi katika tangazo la kila namba.

Wako,
Msimamizi wa seva