Mheshimiwa, kabla hamjamwaga mawe mengine bichi, tusikizane kuhusu mchanga

Mheshimiwa Waziri wa Kaunti unayesimamia mazingira,

Salamu sana, na pole kwa kazi. Mie ni mama viazi karai wa bichi ya Kenyatta hapa Mombasa, pale vijana wanapaita Pirates, huu ni mwaka wangu wa 17, wikendi na sikukuu zote niko, kwa hivyo nikikwambia maji yamesogea ujue sikuyasoma kwa ripoti ya mtu, nimeyapima na miguu yangu. Nilipoanza, meza yangu ilikuwa chini ya mvinje wa tatu ukishuka kutoka barabarani, na kutoka hapo mpaka pale maji ya bamvua yanapoishia, ule mstari wa mwani mkavu na vifuu, zilikuwa hatua 31. Hatua zangu mie, na mwenyewe si mrefu. Bamvua la mwezi wa tatu mwaka huu nimehesabu 9. Na huo mvinje haupo tena, umelala, watoto wanabembea kwenye mizizi, na ukiitazama hiyo mizizi utashangaa, imetandaa tu kama mkeka, mchanga ulipotoka chini yake haikuwa na cha kushikilia.

Sasa juzi wamekuja vijana wawili na kamba ya kupimia na kopo la rangi, wakaweka alama nyekundu kwenye jiwe. Nikawauliza, wanangu mwapima nini? Wakasema mama, kwaja ukuta. Ndio nikamwita mpwa wangu nikamwambia lete simu unichapie, mie niseme wewe uandike, kwa hivyo ukiona maneno mengine yamekaa kisomi ni yake huyo.

Ukuta twaujua Mheshimiwa, ndio maana nakuomba matuta ya mchanga badala yake. Kuna ploti moja si mbali na sisi, mwenyewe simtaji, alijenga ukuta wa mawe wa maana kabisa, saruji na nondo. Kusi ya kwanza tulimuonea wivu. Kusi ya pili mchanga ulioko mbele ya ukuta ukaanza kushuka, unashuka unashuka, mpaka msingi ukaonekana kama meno ya mtu aliyeisha ufizi, sahii maji yakijaa hakuna pa kupita, mtu anayetembea bichi lazima angoje yakupwe. Manake wimbi likigonga ukuta haliishi pale, linarudi na nguvu zake zote na kuchimba hapo chini, na mwisho wa ukuta linazunguka na kula ya jirani. Na jirani ni nani? Ni sisi, sehemu ya umma, ambayo haina wa kuijengea. Nasikia ndio maana kila mwenye ploti akijenga, wa pili naye analazimika kujenga, mpaka ufuo mzima unaisha kuwa sinki. Na kasa atapanda wapi kutaga, kwenye saruji? Sisemi kuta zote ni mbaya, ule wa Fort Jesus naelewa, pale kuna ngome ya mwaka 1593 inakaa juu ya mwamba wa matumbawe na wimbi lilikuwa linautafuna mwamba wenyewe, huwezi kuiambia ngome isogee. Lakini bichi si ngome.

Nataka nikueleze kitu nimejifunza kwa karai langu. Upepo wa kaskazi ukianza, mwezi wa 12 hivi, mchanga unaruka unaingia kwenye mafuta, mteja akitafuna kiazi anasikia kra kra, ananiangalia vibaya. Kwa hivyo huwa naweka kuti, lile la kusuka, nalisimamisha na fito mbili upande upepo unakotokea. Jioni nikifunga naukuta mchanga umejilundika nyuma ya kuti, umefika kwenye muundi wa mguu. Siku moja tu! Kuti halikuziba upepo kama ukuta, linauchuja, upepo ukipita kwenye matundu unapoteza nguvu na kuangusha ulichobeba. Miaka yote nilikuwa nauchota huo mchanga na kuutupa nikiutukana. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu kwamba Wazungu wanafanya vile vile, wanapiga safu za fito za mbao kwenye fukwe zao makusudi, wanatega mchanga wajenge matuta. Mie nilidhani nimeshika adabu ya mafuta yangu, kumbe nina taaluma.

Matuta yenyewe tulikuwa nayo. Si makubwa kama yale ya Mambrui au ya Shela kule Lamu, ya kwetu yalikuwa madogo, kimo cha mtu na zaidi kidogo, yamefunikwa na yale majani ya kutambaa yenye maua ya zambarau, tukiwa watoto tulikuwa tunateremka juu yake na kuti la kukalia. Yakasawazishwa. Hapa pa kuegesha magari, pale ili mgeni akikaa kwenye kiti aone bahari, pengine mchanga ulipakiwa tu kwa lori usiku ukaenda kujenga nyumba ya mtu. Hatukujua kwamba ndio ilikuwa akiba. Bahari ikichafuka inakuja kwenye tuta, inalila, ndio, lakini ule mchanga hauendi mbali, unashuka na kukaa chini ya maji mbele ya bichi kama fungu, na mawimbi yanayofuata yanapasuka pale kwenye fungu kabla hayajafika kwako. Bahari ikitulia mchanga unarudi taratibu, upepo unaupandisha, majani yanaushika. Kwa hivyo siku utakayoona tuta limeliwa nusu usimwite mkandarasi kumgombeza, hiyo ndio kazi lililowekewa.

Kuna waliolipuuza hili wakajuta. Long Beach, mji wa kule New York, mwaka 2006 waliletewa mpango wa serikali wa kujengewa matuta kwa mchanga wa kuchimbuliwa baharini, wakakataa, wanaocheza kuteleza juu ya mawimbi hawakutaka na wengine walihofia hawataiona bahari. Majirani zao wa Point Lookout, Lido Beach na Atlantic Beach wakayakubali matuta. Oktoba 2012 kikaja kimbunga Sandy, majirani wakasalimika na balaa kubwa, Long Beach ikapata hasara ya dola milioni 200 hivi, na baada ya hapo nao wakageuza nia. Uholanzi wao hawabahatishi, kila mwaka wanamwaga mchanga kama mita za ujazo milioni 12 kwenye pwani yao, na mwaka 2011 walimwaga milioni 21.5 kwa mpigo mahali pamoja, wakauachia upepo na mikondo isambaze yenyewe.

Najua utasema mama, sisi si Uholanzi. Kweli. Ndio nikamwambia mpwa wangu apige hesabu yetu. Tuta la urefu wa mita 500, upana wa mita 20 chini, kimo mita 2, limechongoka juu kama paa la makuti. Ikaja mita za ujazo 10,000. Lori kubwa la kumwaga likibeba 10, ni safari elfu moja. Ni nyingi ukiwa na lori, ila kwa meli ya kuchimbua mkondo hiyo ni kazi ndogo, inavuta na kusukuma kwa bomba mpaka ufuoni. Na meli hizo hapa kwetu si ngeni, mkondo wa Kilindini ulishachimbwa kufikia kina cha mita 15 ili meli kubwa ziingie, na bandari ni kitu cha kuchimbwa tena na tena, tope halimalizi kujaa. Najua bandari si yako ni ya serikali kuu, lakini nyinyi mnakaa meza moja. Ombi langu ni kwamba siku wakichimbua tena, kile kitakachotoka kipimwe, kilicho mchanga safi kisiende kumwagwa bahari kuu wala kujazia ardhi ya mtu, kije kwetu.

Nimesema kipimwe, hapo nataka unisikize vizuri. Si kila kinachotoka chini ya bahari ni mchanga wa bichi. Tope la gatini limekaa na mafuta ya meli miaka na miaka, hilo hatulitaki hata bure. Na punje zikiwa laini mno maji yanazichukua wiki ya kwanza tu, kisha yanakuwa kama chai ya maziwa, hilo vumbi linakwenda kutua juu ya matumbawe na nyasi za bahari na kuziua. Mchanga wetu ni mweupe kwa sababu umetoka mwambani, ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na wavuvi watakwambia wanacheka kwamba nusu yake umenyewa na pono, ambaye anatafuna jiwe la matumbawe na kutoa mchanga nyuma, na ni kweli. Sasa ukiua mwamba ili ulete mchanga umefanya nini? Hapa mbele yetu, Nyali hadi Shanzu, ni hifadhi ya bahari tangu 1986. KMFRI, wale watafiti wa bahari na samaki wa serikali, wako hapo Mkomani, kwa tuktuk si mbali, wape punje za kwetu na punje za huko walinganishe kabla meli haijawasha injini.

Na usichote kwenye uvuvi wa watu. Wavuvi wa Waa na Tiwi walipiga kelele sana mchanga ulipokuwa ukichotwa baharini kwao kwa ujenzi wa bandari, na ukitaka kujua gharama ya kutosikiza wavuvi, angalia mahakama ya Malindi mwaka 2018, iliamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ile bandari. Kikao na BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ni chai na mahamri tu, nitapika mie.

Watakaokusumbua zaidi wala si wavuvi. Ni wenye viti vya kuangalia bahari. Kule New Jersey kuna mzee na mkewe walijengewa tuta mbele ya nyumba wakashtaki kwamba wamezibiwa mandhari, jopo likawapa dola 375,000. Mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2013 ikatupilia mbali hiyo hesabu, ikasema lazima ihesabiwe pia kwamba tuta linailinda nyumba yao. Mwishowe walimaliza kesi kwa dola moja. Moja! Mweke wakili wako aisome hiyo kabla hajaanza kupigiwa simu.

Kisha kuna mambo ya kwetu wenyewe bichi, ambayo sitaki kuyaficha. Tuta bila majani ni lundo tu, na majani hayawezi kuota yakikanyagwa, kwa hivyo ziwekwe njia chache za mbao za kupita juu, na pikipiki zipigwe marufuku kabisa. Ngamia wa kupandisha watalii itabidi tuelewane na wenyewe, manake ngamia mmoja akipewa asubuhi moja na yale majani hatabakisha kitu. Na sisi wauzaji tutahamishwa, najua, wengine watapiga kelele na pengine mie nitakuwa wa kwanza, lakini nihamishwe mara moja nipewe mahali panapojulikana kuliko kila mwaka kusukumwa na maji hatua mbili tatu.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Tanzania upande wa Mafia, sisi tuliambiwa tu tusiende baharini, na hata hivyo siku zile sikufungua biashara, nilikaa juu barabarani na karai langu kichwani nikitazama maji yakipita mahali ambapo meza yangu hukaa.

Hatuombi mita 500 kwa siku moja. Tupe mita 100 za kujaribia, mchanga kidogo, fito, na makuti tutasuka wenyewe, kina mama wa hapa wanajua, majani yapandwe kabla ya mvua za masika ili yashike, na hao vijana wa kamba waje kupima kila bamvua kwa mwaka mzima, wapime pia mbele ya ule ukuta wa jirani, tulinganishe. Rangi nyekundu waliyopaka kwenye jiwe tumeiacha. Jiwe lenyewe juzi lilikuwa limeanza kuinama.

Wako,
Mama viazi karai, karibu na ule mvinje ulioanguka