Dada, yale maji yalikuwa ya mama

Shikamoo dada.

Simu hupokei, meseji unasoma hujibu, ndo maana nakuandikia hapa maana najua huwa unapita. Jina lako sitaji. Utajijua mwenyewe nikifika kwenye ndoo.

Siku ya kwanza maji yalipokatika hakuna aliyeshtuka, si unajua, mtu unasema kesho yatarudi. Siku ya tatu nikaanza kupima kwa kopo. Ilipofika siku ya 9 nilikuwa naijua kila lita ndani ya nyumba ile, iko wapi, ni ya nani na ikishatumika inaenda wapi. Wewe ukafika siku ya 11 umechoka na safari, na kiukweli nilifurahi kukuona, mama ndo usiseme, alitaka mpaka akae mwenyewe bila kushikwa.

Sasa nikueleze kile nilichotakiwa kukueleza siku ile nikaishia kupiga kelele.

Ile ndoo ya kona ya jiko, yenye mfuniko na koki kwa chini, ilikuwa ya kunywa tu. Maji yake nilikuwa nachemsha usiku nyie mkiwa mmelala, yakishatokota kwa nguvu dakika 1 inatosha (wanaoishi milimani kupita mita 2,000 waache dakika 3), yanapoa humo humo kwenye sufuria yakiwa yamefunikwa, halafu ndo namimina kwenye ndoo. Na hakuna kuchota na kikombe, ni kufungua koki tu, maana mkono mmoja mchafu ukiingia mle gesi yote uliyochoma imekwenda bure. Pipa la bafuni lilikuwa la kuoga na kufua. Na lile beseni kubwa pembeni ya choo, lenye maji ya kijivu yenye povu, ulilosema linanuka, yale ndo yalikuwa maji ya choo dada. Yalishasuuza shuka za mama, yakapiga deki, yakabaki na kazi moja ya mwisho. Choo hakitaki maji safi, kinataka maji yaende kwa mkupuo, lita 6 hivi unazimwaga mara moja kwa nguvu na uchafu unavutwa wote. Ukimwaga kidogo kidogo unamaliza pipa na bado hakijaondoka kitu.

Ningekwambia hayo mlangoni ulipoingia, najua. Lakini uliingia ukaenda moja kwa moja kwa mama, ningekukatizaje.

Nilikuwa namgeuza mama ubavu, mkono mmoja uko chini ya bega lake, nikasikia maji. Maji mengi, yanaenda kwa mpigo, mlio ambao sikuwa nimeusikia siku 11. Nikamlaza mama vibaya, nikakimbia. Nikakukuta umesimama mlango wa choo na ndoo ya jikoni mkononi, mfuniko uko sakafuni umelala kichalichali, na ile koki ya chini inadondosha, tone, tone, juu ya kandambili yako. Nilikuwa nayaangalia yale matone dada. Hata leo nikifumba macho siuoni uso wako wa siku ile, naiona ile kandambili imelowa.

Nikakunyang'anya ndoo, nikakwambia "hapa si kwako, usiguse vitu usivyovijua." Mbele ya watoto. Na mama chumba cha pili akauliza "kuna nini huko?" tukajibu wote wawili kwa pamoja, "hakuna kitu mama."

Kesho yake asubuhi ukaondoka.

Halafu nasikia kwa mama mdogo kwamba nilikunyima maji hata ya kunawa, eti nimekuwa mchoyo. Mimi! Dumu la lita 20 ni kilo 20, na nilikuwa nabeba manne kwa siku, napandisha ngazi nikipumzika kila kituo. Jumla lita 80. Tulikuwa watu 5, na mmoja ni mgonjwa wa kitandani ambaye shuka zake haziwezi kusubiri kesho. Mashirika ya misaada yakipanga maji ya watu waliokumbwa na maafa yanahesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, piga mwenyewe hesabu, sisi ilikuwa lita 16 kwa mtu, tumezidi kwa lita moja tu. Wewe baada ya kuondoka ukatutumia kwenye grupu la familia habari ya Cape Town, kwamba mwaka 2018 watu waliwekewa ukomo wa lita 50 kila mmoja kwa siku na wakaishi. Lita 50 kila mtu dada! Nilisoma nimekaa juu ya dumu, nikazima simu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wewe ndo ulinifundisha. Kipindi kile cha nyumba ya nyuma, unakumbuka, kuoga kwa kopo mbili, unajilowesha kidogo, unajipaka sabuni mwili mzima, halafu unaanza kujisuuza kichwani ili maji yakishuka yafanye kazi mpaka miguuni, na chini umesimama kwenye beseni usipoteze kitu. Mpaka leo naoga hivyo, watoto nimewafundisha hivyo na nawaambia ni mama yenu mkubwa aliyenionyesha. Sasa mtu wa namna hiyo anamwagaje maji ya kunywa chooni? Au ulichoka tu? Sikuuliza.

Najua na huko uliko yanakatika sasa. Basi nisikilize hata kama umenuna. Kama gesi imeisha, tumia klorini ya majimaji ya kawaida, ile isiyo na manukato, iliyoandikwa asilimia 5 mpaka 9, matone 2 kwa lita moja ya maji meupe, koroga, subiri dakika 30. Hita izime ukutani, isije ikaungua na tenki tupu. Kila chombo kifunike, mbu wa dengue anapenda maji yaliyotulia ndani ya nyumba na mayai yake yanaganda kwenye ukuta wa chombo, kwa hiyo ukimaliza pipa lisugue kwa brashi, kulimwaga tu hakusaidii. Na yakirudi, ya mwanzo yenye rangi usinywe, yaache yatoke mpaka yawe meupe, hayo ya rangi kinga uyapeleke chooni.

Na funga koki zote. Kila ukijaribu kama yametoka, hakikisha umefunga.

Hapa ndo penyewe. Yalirudi siku ya 23, saa nane usiku, koki ya bafuni iko wazi. Ilianza kukohoa hewa, ikatema maji ya kahawia, nilipoamka korido yote imejaa na yameshaingia chini ya kitanda cha mama. Nikakutumia ile meseji saa hiyo hiyo, kwamba uliacha koki wazi. Dada, wewe ulikuwa umeondoka siku 11 nyuma. Aliyekuwa anaijaribu ile koki kila asubuhi ni mimi. Nilijua wakati naandika na bado nikatuma, maana nilikuwa sijalala vizuri wiki tatu, mgongo umekufa, na nilitaka awepo mtu wa kumlaumu ambaye hakuwa anabeba madumu. Sasa hapo mtu angenilaumu? Labda angenilaumu. Sijui.

Tulipomzika mama tulisalimiana kama wageni, ukanipa mkono.

Kuna kitu sijakwambia. Usiku ule nikiwa nimepiga magoti nakausha maji chini ya kitanda chake kwa mashuka yale yale, mama aliamka akasikiliza. Akasema, "Yamerudi?" Nikamwambia ndiyo mama. Akasema, "Mpigie dada yako umwambie maji yamerudi, asiendelee kuwa na wasiwasi na sisi." Nikamjibu nitampigia. Nikachukua simu nikakutumia ile nyingine.

Dada, maji yamerudi. Mama alisema nikwambie.