Barua kwa mwanangu kabla hujahamia Gungu

Mwanangu Zaituni,

Huku Ujiji hatujambo, isipokuwa miguu ya mama yako. Nimesikia mnahamia Jumamosi. Hongera sana, mama. Kusimamisha nyumba kwa mshahara wa ualimu si mchezo, na kila ninayepita naye Gungu namwonyesha. Ila kitanda cha wajukuu zangu kitoke chini ya ule ukuta wa pembeni.

Ukuta ule unapanda pembe tatu hadi kwenye bati, na hakuna kinachoushika na kenchi, zile mbao za paa. Ardhi ikitikisika, hujitenga na kuanguka, nje au ndani. Na fundi wako lenta, ule mkanda wa zege, kaimwaga vipande vipande juu ya milango na madirisha, wakati nilisema izunguke nyumba yote kama mshipi: nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, na kwenye kona nondo zikunjwe zipishane sentimita 60, zisikutane ncha kwa ncha. Ukaona nondo ni ghali, ukanunua masofa. Haya.

Usiniambie matetemeko ni ya wengine. Ziwa letu Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa. Desemba 5, 2005 lilipiga la kipimo cha 6.8, watu wakafa Kalemie, ng'ambo tu hapo Kongo. La Kagera, Septemba 10, 2016, lilikuwa 5.9, dogo kuliko hilo, na nyumba za tofali zilianguka. Yote mawili yalikuja alasiri, watu wako macho. Likija saa nane za usiku je?

Maana aliye kitandani anatakiwa abaki hapo hapo, alale kifudifudi, mto juu ya kichwa na shingo. Akishuka gizani anakanyaga vioo, anaangukiwa na kabati. Sasa kama juu ya kitanda kuna tofali zile, mto utasaidia nini? Kisogezeni kwenye ukuta wa kati, mbali na dirisha. Kabati refu lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, juu, kwa skrubu ndefu na plagi. Viatu na tochi vikae chini ya kitanda.

Mchana, aliye hatua chache na mlango ulio wazi atoke, asimame mbali na ukuta kuliko kimo cha ukuta wenyewe, na mbali na nyaya za umeme. Aliye mbali na mlango aingie chini ya meza imara, ashike mguu wa meza mpaka kutulie. Nanyi mnafunga mlango wa grili kwa kufuli ndani kila usiku. Ufunguo utundikwe kwenye msumari mmoja, kimo anachofikia hata yule mdogo. Si kwenye mkoba wako.

Likishapita, funga gesi kabla hujawasha kiberiti, na mkae nje, kwa sababu madogo hufuata. Ufa mwembamba wa plasta usikutishe. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au kona iliyoachana, hapo hamlali tena mpaka fundi aone. Baba watoto naye, likimkuta mwaloni Kibirizi, apande juu mara moja, asisimame kutazama maji.

Dawa ya kudumu ya ukuta ule ni kuishusha ile pembe tatu na kuziba kwa mbao na bati. Mbao ninazo, zilibaki kwenye banda la mbuzi. Kitanda lakini kisingoje mbao, Zaituni.

Mama yako amekuwekea galoni ya mawese na dagaa wakavu. Galoni ulizochukua Idi hujarudisha hata moja. Kijana wa mbao atafika Jumapili asubuhi na nyundo yake. Ngazi muombeni jirani, na chakula chake cha mchana ni juu yenu.

Baba yako