Vichekesho vya maneno yenye maana mbili vinaharibiwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu ukurasa wa vichekesho magazetini. Vile vinavyotegemea neno lenye maana mbili mara nyingi vinafika kwa msomaji vikiwa vimeshakufa, na dawa yake ni ndogo.

Tuchukue hiki. Mzee karudi nyumbani usiku, kanzu imejaa mchanga. Mkewe anauliza, "Bwana, kulikoni?" Anajibu, "Nimeangushwa na tembo." Msomaji wa kisiwani Lamu atacheka papo hapo, maana kisiwani hakuna ndovu, na tembo ni pombe ya mnazi pia. Wa upande wa Witu, ambako ndovu wapo, huenda akampa mzee pole kwanza.

Kazi yote hapo imefanywa na kitenzi cha kutendwa. "Nimeangushwa na" haisemi mtenda ni wa ngeli gani. Andika "tembo ameniangusha", umeshamtaja mnyama. Andika "tembo limeniangusha", umeshakitaja kinywaji. Methali inatuonyesha: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hulitia. Kwa hiyo anayehariri asiguse sentensi hiyo kwa kutaka kuinyoosha, wala asibadilishe "tembo" kuwa "ndovu" ati ni visawe. Mke naye asiulize "Nani kakuangusha?", kwani "nani" inamtaka mwenye uhai.

Kosa kubwa zaidi ni mabano. Kuandika "tembo (pombe)" katikati ya jibu ni kumnyima msomaji ule muda mfupi wa kupotea njia, na kicheko kinatoka humo. Nakubali kwamba maelezo yanahitajika siku hizi: vijana wengi wa Malindi kinywaji hicho wanakiita mnazi, na tembo kwao ni mnyama basi. Yawekwe chini kabisa, mstari mmoja: "Tembo: ndovu, pia kinywaji kinachogemwa kwenye mnazi." Yaishie hapo. Msomaji akishapewa maana zote mbili atarudi mwenyewe kwenye jibu la mzee. Kumweleza kwa nini acheke ni kumdharau.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosoma vichekesho redioni hawana budi kulijua. Kwa wazee wanaosema Kiamu, lahaja ya Lamu, maneno haya mawili hayatamkwi sawa. Tembo mnyama, ile "t" hutoka na pumzi. Weka kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo utakiona kinapepea. Tembo la mgema halina pumzi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa paa mnyama na paa la nyumba, na kwa kaa wa pwani na kaa la moto. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, ndiyo maana kichekesho kinasimama gazetini. Kikisomwa na mzee wa Lamu, ulimi wake unakifichua kabla hajamaliza.

Redioni afadhali litumike neno kama mbuzi, ambalo mnyama na kifaa cha kukunia nazi hutamkwa mamoja. Bibi yuko jikoni, nazi imeshavunjwa, anamwambia mjukuu, "Niletee mbuzi." Mtoto anarudi anavuta kamba. Lakini bibi aseme "niletee" tu: akisema "mlete" au "ilete", mtoto hawezi tena kukosea.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mkomani, Lamu