Anti, nitoe pesa ya boti kabla ya viza?

Anti, shikamoo.

Naandika kutoka Mbeya na naomba jina langu lihifadhiwe, maana wenzangu wote wanakusoma. Wao watanitambua tu, lakini angalau majirani wa dukani Mwanjelwa wasijue mambo ya kikundi chetu.

Tuko wanawake wanane tuliosoma sekondari moja. Tulianza kwa kuchangiana misiba na harusi, tukaingia kwenye kukopeshana, na sasa tuna mfuko wa pili tunaouita mfuko wa matembezi. Mimi ndiye mweka hazina. Mwenyekiti na katibu tuko nao hapa mjini, Mwalimu yuko Mafinga, Muuguzi yuko Iringa, mmoja anauza mbao Makambako, mmoja ana shamba la parachichi Rungwe. Wa nane anaishi Birmingham, Uingereza, na huyo ndiye aliyetuletea jambo lenyewe.

Tangu aondoke hajawahi kukosa mchango. Wazazi wetu wamezikwa kwa pesa yake ikiwemo, huku yeye akifuatilia mazishi kwenye simu. Kwa hiyo aliposema safari hii tumfuate sisi, tukodi boti, tukae juu ya maji wiki nzima wote wanane, nani angefungua mdomo kukataa?

Nikueleze hiyo boti, kwa sababu hata mimi nilidhani ni ya kupelekwa na nahodha, wewe umekaa unakula upepo. Sivyo. Kule kuna mifereji iliyochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya kupitisha makaa ya mawe na mizigo ya viwanda, boti zikivutwa na farasi anayetembea ukingoni. Reli na malori vikaja vikachukua mizigo, mifereji ikabaki, na sasa watu huitumia kwa mapumziko. Unakodi boti, unaendesha mwenyewe, unapika na kulala humohumo. Leseni hawaulizi. Wenyewe wanakuelekeza siku ya kuichukua, unasaini, unaondoka. Mwendo wa mwisho ni maili 4 kwa saa, yaani mtu mwenye haraka zake akitembea kwa miguu ukingoni anakuacha.

Ya watu wanane ina urefu wa kama mita 20, lakini upana wake ni mita 2 na sentimita chache tu, kwa sababu lazima ipenye kwenye vyumba vya maji vya kushushia na kupandishia boti, vilivyojengwa kwa vipimo hivyohivyo. Mwenzetu alitutumia picha za ndani. Meza ya chakula usiku inakunjwa inakuwa kitanda, na mtu akipita kwenye korido mwingine inabidi arudi kitandani. Mwenyekiti alitazama ile korido, akajitazama, akanyamaza. Choo kina tangi lake la kwenda kumwagwa likijaa. Nilipouliza ni kazi ya nani, grupu zima likajibu kwa pamoja kwamba ni ya mweka hazina.

Wa mbao ndiye aliyejitangaza nahodha, maana Fuso yake huendesha mwenyewe mpaka Dar. Mimi namwambia hapo hakuna breki, halafu usukani ni fimbo iliyoko nyuma, ukiisukuma kushoto boti inakwenda kulia. Na mkikutana na boti nyingine mnapishana kwa kushika kulia, wakati barabarani sisi na Waingereza wote tunashika kushoto. Anasema atazoea. Sawa.

Vile vyumba vya maji ndivyo vilivyomtia wasiwasi Muuguzi. Mfereji ukifika kwenye mteremko, boti inaingia kwenye chumba chenye milango mbele na nyuma. Mnafunga, mnafungua vidirisha vya maji kwa hendeli ya chuma mnayotembea nayo, maji yanashuka taratibu na boti inashuka nayo, kisha mnafungua mlango wa mbele kwa kusukuma boriti lake kwa makalio. Chini ya mlango wa nyuma kuna kizingiti cha zege au mawe. Boti ikiwa imekaa nyuma mno wakati maji yanashuka, mkia unakwama juu ya kizingiti huku pua inaendelea kushuka, na hapo ndipo boti huzama. Kuna alama nyeupe ukutani ya kukuonyesha usirudi nyuma kupita hapo. Muuguzi amesema yeye kazi yake itakuwa kuitazama ile alama, asipewe nyingine yoyote. Pale Tardebigge, jirani na Birmingham, vyumba hivyo ni 30 mfululizo. Huko tumekataa kwa kauli moja.

Mwenzetu anapendekeza tuanzie upande wa Llangollen, Wales, kuna daraja la Pontcysyllte ambalo mfereji wenyewe unapita juu kwenye beseni la chuma, mita 38 kutoka mtoni, tangu mwaka 1805. Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye reli. Upande wa pili hakuna reli, ukichungulia nje ya boti unaona bonde tu. Video ile imeangaliwa mara nyingi kuliko ya harusi yoyote kwenye grupu letu.

Basi unaona, Anti, watu wamekwishasafiri moyoni. Sasa shida yangu ni hii.

Tunataka wiki moja katikati ya Juni, kwa sababu ndiyo likizo ya Mwalimu. Boti za watu wanane ni chache na zinawahiwa, kwa hiyo kampuni inataka kianzio sasa hivi, theluthi ya bei, na kianzio hakirudishwi kwa sababu yoyote. Salio wiki nane kabla ya safari. Lakini viza ya kutembelea Uingereza huwezi kuiomba zaidi ya miezi mitatu kabla ya kusafiri. Maana yake sisi tutaanza kuomba katikati ya Machi, kila mtu apande basi mpaka Dar kuchukuliwa alama za vidole, majibu kwa kawaida ni kama wiki tatu. Salio ninaweza kulishika mkononi nikisubiri majibu. Kianzio siwezi.

Isitoshe, bei ni ya boti, siyo ya kichwa. Tukienda wanane au wanne, bei ni ileile. Na viza haitolewi kwa kikundi, inatolewa kwa mtu mmojammoja. Afisa anataka kuona una uwezo wa kugharimia safari na una kitu cha kukurudisha nyumbani. Mwalimu na Muuguzi wana ajira na mshahara unaingia benki. Mimi nina leseni ya biashara na akaunti inayosomeka. Wa mbao naye hivyohivyo. Sasa niambie wa Rungwe atapeleka nini? Parachichi zake zinabebwa shambani na dalali, analipwa taslimu au kwa simu, siku ya pili pesa imekwenda kwenye mbolea, vibarua na ada. Shamba ni la ukoo, hati haina. Mume alishafariki na watoto ni wakubwa. Kati yetu wote ndiye anayeleta mchango wa kwanza kila mwezi, tena kabla ya tarehe, lakini kwenye karatasi ni mtu ambaye hayupo.

Nilitoa hoja kwamba kabla sijagusa mfuko tuandike kwenye katiba yetu: atakayenyimwa viza, sehemu yake ya kianzio tutaibeba wote, na salio lake arudishiwe lote. Wa mbao akapinga. Anasema viza ni ya mtu binafsi, kila mtu abebe msalaba wake, na akauliza kama watu watatu wakinyimwa sisi wengine tutalipia vitanda vitupu mpaka lini? Siwezi kusema hana hoja. Katibu yuko upande wake. Mwalimu na Muuguzi wako upande wangu, ingawa nahisi ni kwa sababu wao wana uhakika wa kupata. Mwenyekiti anasema tuombe Mungu tu.

Wa Rungwe mwenyewe hajasema neno. Alituma emoji ya kucheka, na kesho yake akatuma mchango wake.

Katikati ya malumbano Mwalimu akaja na wazo la Matema. Twende wote Ziwa Nyasa, tukodi nyumba ufukweni, milima ya Livingstone ile pale, mwenzetu wa Birmingham aje yeye, viza haihitajiki kwa yeyote. Kwa akili ni wazo zuri na lingetugharimu sehemu ndogo ya ile pesa. Lakini lilimuumiza. Aliandika ujumbe mrefu usiku, kwamba kila akipata likizo yeye ndiye anayekuja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mlango wa nyumba yake wala mtaa anaotembea kwenda kazini. Tangu hapo hajajibu kitu isipokuwa kukumbusha tarehe ya kianzio. Halafu, Anti, na mimi nataka kwenda. Nisikufiche. Nimeuza vitenge pale sokoni maisha yangu yote ya utu uzima, nataka kuona jua linalozama saa tatu na nusu usiku.

Kwa hiyo naomba unisaidie kwenye haya. Je, nitoe kianzio kwa sauti za walio wengi hata kama kanuni haijakubaliwa, au nigome kutoa mpaka iandikwe? Ufunguo wa pesa ninao mimi na mwenyekiti, na bila saini yangu haitoki, lakini sitaki ionekane naitumia nafasi kulazimisha ninalotaka. Nimefikiria pia njia ya kati, kianzio kitoke kwenye faida ya mikopo, kisihesabiwe kuwa ni cha mtu yeyote, kikipotea kimepotea cha wote. Je, hilo litasimama, au wa mbao ataona nimempitia mlango wa nyuma?

Na hili ndilo linaloninyima usingizi: nimwambie wa Rungwe wazi kwamba karatasi zake ni dhaifu, aanze sasa kupitisha mauzo benki na kutafuta barua ya serikali ya kijiji kuhusu shamba, au nikimwambia itakuwa nimemtenga kabla afisa hajamtenga? Tumekuwa marafiki tangu bweni moja. Akinyimwa nikiwa nilijua na sikusema, atanisamehe?

Kampuni imetushikia boti mpaka mwisho wa mwezi huu, na kikao ni Jumapili ya mwisho, nyumbani kwangu. Wa Rungwe amesema atakuja mapema anisaidie kupika, nadhani hapo ndipo nitapata nafasi ya kuzungumza naye, kama utaniambia nizungumze.

Mweka hazina,
Mbeya