Funika picha, soma ukurasa wa pili

Uyole, Mbeya

Mama Doto mpendwa,

Habari za baridi ya Mafinga sikuulizi, maana huku kwetu ukungu unatupigia hodi mlangoni. Nimecheka peke yangu kusikia na wewe unataka mtoto wa mbwa, German Shepherd.

Ila hicho kishika uchumba anachotaka mfugaji kabla ya Ijumaa usikitume bado. Soma kwanza kipengele cha afya kwenye mkataba wake, maana hapo ndipo mimi nilipouziwa mbuzi kwenye gunia. Mkataba wangu ulisema nimpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo ndani ya saa 48, la sivyo dhamana imekufa. Nilimchukua Jumamosi jioni. Jumapili daktari wapi? Jumatatu nilikuwa shambani, viazi vinapakiwa. Alhamisi kitoto kikasusa chakula, kikalala kwenye gunia lake kinatapika, halafu kikaanza kuharisha damu. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa. Tulikizika nyuma ya migomba. Nilipompigia muuzaji alinisomea ile sentensi taratibu, kama mwalimu wa imla.

Na hata ningewahi, nisingepona. Daktari alinieleza kwamba kirusi cha parvo hukaa mwilini siku 3 hadi 7, mara nyingine hata 14, kabla dalili hazijaonekana. Sasa dhamana ya siku mbili inamlinda nani? Mwambie aandike 14, na aandike atarudisha nini, pesa au mtoto mwingine. Wangu ulisema "atafidiwa", basi.

Kadi ya chanjo iwe na tarehe na sahihi ya daktari. Chanjo ya parvo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16, kwa hiyo iandikwe nani anamalizia zilizobaki. Halafu nyonga: mbwa wa mbegu hiyo mara nyingi huzirithi mbovu, na kwa mtoto wa wiki 8 huwezi kuona kitu. Omba picha za eksirei za baba na mama yake.

Kile kipengele cha kumrudishia mfugaji mbwa ukishindwa kumtunza usikigombee. Mimi namwogopa zaidi mfugaji asiyejali mbwa wake wanaishia wapi.

Picha uliyonitumia nimeiona, masikio bado yameanguka, anapendeza kweli. Hebu ifunike kwa mkono, usome ukurasa wa pili wa mkataba, kisha unipigie.

Wako,
Mama Tumaini