Mjomba, mtilie binti yako sahihi

Mjomba, assalaamu alaykum.

Nakuandikia hapa, mahali ambapo na watu wengine watasoma, kwa sababu simu zangu hupokei. Mama ameniambia kwamba binti yako amepata nafasi chuoni kusomea sayansi ya bahari, nawe umekataa kumtilia sahihi. Umemwambia asije akapotea kama mimi. Usingenitaja, ningenyamaza.

Fadhila zako sijazisahau. Uliuza mashua ili nilipiwe karo. Mkoko wenyewe, mchu, mlilana na mkandaa, miti yote hiyo ya mikokoni, ulinionyesha wewe, kabla mwalimu yeyote hajanipa majina yao ya Kilatini. Nilipokuja na kamba na daftari kupima miti kwa ajili ya shahada ya pili, wewe ndiye uliyenipeleka horini, ukaniambia pa kukanyaga na pa kukwepa. Tasnifu ile ipo mpaka leo kwenye rafu ya maktaba, imejaa majedwali, yote kwa Kiingereza. Katika wale wakata boriti walionibebea vifaa, hakuna hata mmoja aliyeletewa jibu. Hilo ndilo lililonitoa, Mjomba. Utafiti haukunishinda, maksi zangu wazijua, ulizibandika dukani kwako wateja wazione.

Lakini siku ya khitma ya bibi siwezi kuisamehe. Dua imekwisha, kahawa inazunguka barazani, yule daktari mgeni akaniuliza nafanya kazi gani. Nilishafungua mdomo. Ukanitangulia: "Huyu tulimsomesha awe mtafiti, akaacha. Sasa anaandikaandika tu. Mtafutie kazi, daktari." Wazee wakacheka. Daktari akatazama kikombe chake. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kumimina, kwa kuwa bibi hakupenda magomvi na siku ile ilikuwa yake. Ungeniita chemba ukanifokea, ningekaa kimya nikusikilize mpaka umalize. Mbele ya watu, Mjomba! Tena mbele ya wazee walionibeba mgongoni!

Basi nikueleze hiyo kazi ya kuandika na kutangaza habari za sayansi, maana hujawahi kuniuliza.

Wakumbuka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, huko kwetu Lamu, wa megawati 1,050? Ripoti ya athari zake ilikuwa nene, kwa Kiingereza cha wataalamu. Watu walikuwa wakiuliza moshi utaelekea wapi wakati wa kusi, na jivu litawekwa wapi lisiingie baharini. Niliisoma ukurasa kwa ukurasa. Niliwatafuta wataalamu wasiokubaliana, nikauliza nani kapima, kapima kwa njia gani, na nani aliyemlipa. Kisha nikayasema redioni kwa maneno ambayo mvuvi wa Pate anayaelewa. Kesi waliipeleka wananchi wa kikundi cha Save Lamu na wenzao, sifa ni zao. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtu atashirikishwaje katika jambo ambalo hajaelezwa?

Na mikoko yetu? Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mchu ukikatwa huchipua kisikini, lakini mkoko mkubwa ukikatwa hufa, na pahali pake hungoja mche mpya. Watafiti wamethibitisha hivyo hivyo. Wameonyesha pia kwamba tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo majani na mizizi huoza polepole mno, na kaboni hukaa humo miaka mingi. Ukifyeka na kuchimbua, inapanda angani na kuongeza joto la dunia. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kulipwa kwa kuitunza kaboni hiyo isipande muongo uliopita. Kesho akija mnunuzi wa kaboni na mkataba wake huko Amu, mjini kwetu Lamu, nani atawasomea wakata boriti? Nilipoyasema hayo redioni nilikuwa nakuona wewe. Wewe ndiye msikilizaji wangu wa kwanza, hata kama redio umeizima.

Binti yako mwambie asikwepe hesabu, hasa takwimu. Ajue kwamba mambo mawili kutokea pamoja si lazima moja liwe limesababisha jingine. Aingie topeni mwenyewe, ajue jinsi namba inavyopatikana na jinsi inavyoweza kukosewa. Hayo ndiyo yanayonilinda kila ninapoletewa taarifa ya utafiti iliyopambwa, na sikuyapata kwenye chumba cha habari. Niliyapata katika masomo yale uliyoyauzia mashua. Wanaposema niliyatupa, wa kuwajibu ungekuwa wewe! Pesa ni chache, sikatai, na kuna miezi malipo huchelewa. Lakini dawa za mama hazijakosekana, na hilo nalo hulisemi barazani.

Mtilie sahihi. Karo ya muhula wa kwanza nitaitoa mimi. Naliandika mbele ya watu lisije likageuzwa. Akimaliza akataka maabara, sawa. Akitaka kalamu, usimwite mpotevu.

Wakati wa Maulidi nitakuwa Amu, inshallah. Nitapita kwako baada ya alasiri. Akiwepo mgeni akaniuliza nafanya kazi gani, niache nijibu mwenyewe.